Jifunze kubadilisha diski ya ZFS kwa kutumia diski za RAM

Huku Mtwara diski ya akiba mara nyingi huagizwa Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi, nawe ukakaa kusubiri. Sasa seva ya hesabu za korosho ipoteze diski moja mwezi wa Oktoba, minada imepamba moto, na fundi aliyepo hajawahi kubadilisha diski maishani! Ndiyo maana vijana wa field wanaokuja kwangu huanza na diski za kuigiza, zinazokaa ndani ya RAM, na kuziunganisha kwa ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili unaoweza kuweka data ile ile kwenye diski zaidi ya moja. Kompyuta ya FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) yenye RAM ya GB 4 inatosha. Amri zote ziendeshwe na root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Hatua ya 1: tengeneza diski tatu. Mbili zitafanya kazi, ya tatu ni akiba.

mdconfig -a -t swap -s 256m -u 11
mdconfig -a -t swap -s 256m -u 12
mdconfig -a -t swap -s 256m -u 13

Hapo kwenye -t ndipo pa kuwa makini. Ukiweka swap, data hukaa kwenye RAM, na RAM ikibanwa mfumo huisogeza kwenye eneo la swapu, sehemu ya diski halisi inayosaidia RAM. Ipo pia aina ya malloc, ambayo huchukua kumbukumbu ya kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe. Tengeneza diski kubwa ya malloc, ijaze, na kompyuta nzima inaweza kuanguka. Mimi siitumii, na sioni sababu ya anayeanza kuigusa. Namba 11 hadi 13 nimezichagua tu zisigongane na diski nyingine za md, yaani diski za kuigiza kama hizi; namba 11 huitwa md11. Hakiki kwa mdconfig -lv.

Hatua ya 2: unganisha mbili za kwanza ziwe hifadhi moja iitwayo zoezi, kila diski ikiwa nakala ya mwenzake.

kldload zfs
zpool create zoezi mirror md11 md12
cp -R /etc /zoezi/

Kama moduli ya zfs ilishapakiwa, amri ya kwanza italalamika, endelea tu. Soma jina la diski kabla ya kubonyeza Enter: ukiandika ada0, ambayo ni diski halisi ya kompyuta, badala ya md11, hapo si mazoezi tena.

Hatua ya 3: ua diski moja.

zpool offline zoezi md12
mdconfig -d -u 12
zpool status zoezi

Utaona neno DEGRADED, yaani hifadhi inafanya kazi lakini imepungukiwa diski. Usiharakishe kupita hapa. Fungua mafaili yaliyomo /zoezi/etc, uone kwamba bado yanasomeka, kisha ongeza faili jipya. Kijana akishaona kwa macho yake kuwa kazi inaendelea kwa diski moja, hata siku ya tukio lenyewe hatakimbilia kuzima seva. Msomeshe pia ile taarifa ya status mstari kwa mstari, kwa sababu siku hiyo ndiyo itakayomwambia ni diski ipi ya kuchomoa. Kuchomoa iliyo nzima ndiko kunakomaliza data.

Hatua ya 4: ingiza ya akiba.

zpool replace zoezi md12 md13
zpool status zoezi
zpool scrub zoezi

Kwa data ndogo kama hii kunakili kunakwisha haraka. Diski halisi yenye data nyingi inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo usiipimie kasi hii. Scrub inasoma kila kilichoandikwa na kukilinganisha na alama zake za uhakiki.

Hatua ya 5: safisha. Hifadhi ifutwe kwanza, diski zifuate; ukigeuza mpangilio utaambiwa kifaa kinatumika.

zpool destroy zoezi
mdconfig -d -u 11
mdconfig -d -u 13

Umeme ukikatika katikati, kila kitu kinapotea na unaanza upya, hakuna hasara. Ukitaka zoezi lidumu hadi kesho, tumia faili badala ya RAM:

truncate -s 256m /root/d1.img
mdconfig -a -t vnode -f /root/d1.img -u 21

Fanya hivyo kwa diski nyingine pia. Ukiwasha kompyuta tena, rudia mdconfig kwa kila faili, kisha zpool import zoezi.