Gemu jipya linakuja: liandalie hadithi na mtandao kila kimoja kivyake

Gemu kubwa la mapambano likitangazwa kuwa lina hadithi ya kucheza peke yako pamoja na upande wa kucheza na wenzako mtandaoni, lihesabu kuwa ni magemu mawili ndani ya boksi moja. Kila upande una mahitaji yake kwenye mashine na intaneti yako, na si lazima pande zote zifike siku moja. Grand Theft Auto V ilitoka 17 Septemba 2013, mtandao wake ukafunguliwa 1 Oktoba. Seva zikaelemewa, watu wakakwama mlangoni na wengine wakapoteza wahusika wao. Red Dead Redemption 2 ilitoka 26 Oktoba 2018, na upande wa mtandaoni ukaanza mwezi mmoja baadaye kama jaribio, wachezaji wakiingizwa kwa mafungu. Ghost of Tsushima ilitoka Julai 2020. Sehemu ya wachezaji wengi ikaongezwa Oktoba bila malipo. The Last of Us Part II haikuwa nayo kabisa, na mradi wa mtandaoni uliokuwa ukitengenezwa kando ulifutwa Desemba 2023.

Basi tafuta tarehe mbili. Kama watengenezaji wametaja moja tu na upande wa pili wanaupa jina la "baadaye", fanya hesabu ya kununua kana kwamba huo wa pili haupo.

Trela isome kwa macho makavu. Maneno "imerekodiwa ndani ya injini" yanathibitisha kuwa picha zimetoka kwenye mitambo ya gemu, lakini hayasemi kuwa kuna mtu aliyeshika pedi. Mchezo wenyewe huonekana pale penye kipimo cha uhai, ramani ndogo pembeni, idadi ya risasi na kamera inayomfuata mhusika kwa nyuma. Kwa upande wa mtandao, tafuta majibu ya mambo manne: wachezaji wangapi wanaingia katika kipindi kimoja, ni kushirikiana au kupigana, je mwenye kompyuta anaweza kucheza na mwenye konsoli, na je hadithi nayo inadai intaneti wakati wote. La tatu mlimalize na rafiki zako kabla mtu yeyote hajalipa.

Kuagiza mapema nakala ya kidijitali hakuna haraka, maana nakala hizo hazimaliziki dukani. Steam inakuruhusu kufuta oda wakati wowote kabla ya gemu kutoka. Likishatoka, unarudishiwa fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Ujanja uko hapo kwenye saa mbili: zinahesabiwa tangu gemu linapofunguka, hata kama umekaa kwenye menyu ukichonga pua ya mhusika wako. Kwenye duka la PlayStation, ukishaanza kupakua, haki ya kurudishiwa huondoka isipokuwa gemu liwe na hitilafu. Kama bado unasitasita, zima upakuaji wa kujianzisha. Toleo la bei ya juu linalokuingiza siku chache kabla ya wengine linamfaa anayeogopa kusimuliwa mwisho wa hadithi. Kwa anayengoja mtandao faida yake ni ndogo, kwa kuwa siku hizo uwanja una watu wachache.

Nafasi ya kuhifadhi

Hapa ndipo wengi hukwama usiku wa kutoka. Magemu ya aina hii yamezoea kuvuka GB 100. Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inadai GB 150. PS5 ya kwanza ina GB 825 lakini unazoweza kutumia ni takriban 667, na Xbox Series S ya GB 512 inakuachia kama 364. Acha wazi ukubwa wa gemu na nusu yake juu. Ile nusu si anasa: faili unazopakua mapema kupitia Steam huja zimefungwa kwa msimbo, na siku ya kutoka hufunguliwa na kuandikwa upya. Kwenye diski ngumu ya kizamani, kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kupakua kwenyewe.

Magemu ya PS5 hayachezeki kutoka kwenye diski ya nje ya USB, huhifadhiwa tu. Ukitaka kuongeza nafasi ya kuchezea, nunua SSD (hifadhi ya kasi isiyo na diski inayozunguka) ya M.2 ya aina ya NVMe PCIe 4.0 yenye kipoza-joto. Sony inapendekeza kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. Pima unene wake pamoja na kipoza-joto, usizidi milimita 11.25, la sivyo kifuniko hakitafunga.

Muda wa kupakua ukokotoe hivi: GB zidisha kwa 8,000, gawanya kwa kasi yako ya megabiti, jibu ni sekunde. GB 100 kwa megabiti 10 ni sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22. Anayechanganya megabiti na megabaiti hujikuta amekosea mara nane. Hata mwenye diski ya dukani asijione amepona: huenda lipo sasisho la siku ya kwanza, na pengine diski ina sehemu tu ya gemu. Soma nyuma ya boksi.

Kwa wenye kompyuta

Jedwali la mahitaji halina maana bila kujua linaahidi nini. Angalia ubora wa picha (1080p au zaidi), fremu kwa sekunde, kiwango cha michoro, na kama wamehesabu kwa msaada wa DLSS au FSR, mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili fremu ziongezeke. Kama msaada huo umeshawashwa ndani ya mahitaji ya chini, kadi ya michoro ya kiwango hicho itakuwa inahema. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu huanza kushtuka-shtuka hata kama wastani wa fremu ni mzuri. Punguza ubora wa "textures" (picha zinazofunika sura za vitu) kabla ya kugusa kitu kingine. Sasisha draiva (programu inayoendesha kadi ya michoro) kwanza, kisha uache gemu limalize kuandaa sheda, yaani programu ndogo za kuchora mwanga na rangi. Ukibadilisha draiva baada ya hapo, kazi hiyo huanza upya.

Intaneti ya kuchezea

Kasi kubwa husaidia kupakua. Wakati wa kucheza kinachotawala ni pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, na pingi inafuata umbali wako na seva. Chini ya milisekunde 50 ni raha. Karibu na 100, michezo ya kushirikiana inaenda vizuri. Ukivuka 150, utapiga risasi mahali ambapo adui ameshahama, na kifurushi cha bei kubwa zaidi hakitakuponya.

Kinachoponyeka ni msongamano wa nyumbani. Pima pingi nyumba ikiwa imetulia, kisha pima tena mtu mwingine akiwa anapakua faili kubwa. Ikiruka kutoka 40 hadi 300, ruta inapanga foleni ndefu: washa mpangilio wa kutoa kipaumbele, au weka kikomo cha kupakua na kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi. Tumia kebo; ikishindikana, Wi-Fi ya GHz 5 na ruta iwe chumba kile kile.

Halafu NAT, yaani jinsi ruta inavyovigawia vifaa vya nyumbani anwani moja ya intaneti. Aina ya 3 kwenye PlayStation, au "Strict" kwenye Xbox, ndiyo inayokuzuia kusikia wenzako au kuingia kwenye chumba chao. Washa UPnP (mpangilio unaoruhusu konsoli ijifungulie njia) kwenye ruta, kisha uzime na kuwasha ruta na konsoli. Kama ruta mbili zimefuatana, moja iwe daraja tu ("bridge mode"). Intaneti ya laini ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hilo hurekebishwa na mtoa huduma peke yake. Muulize kuhusu anwani ya umma.

Konsoli nyingi hudai usajili wa kulipia, kama PlayStation Plus, ili ucheze mtandaoni magemu ya kununua. Akaunti ya mchapishaji ifungue na kuiunganisha wiki moja kabla, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili.

Siku yenyewe

Anza na hadithi. Inafundisha kulenga, kujificha na kuendesha bila mtu wa kukucheka, huku seva zikipoa. Usikusanye mali kwa ajili ya mtandao: kwa kawaida mkoba wa hadithi hauvuki. Kwenye hadithi chagua picha nzuri ukipenda. Mtandaoni chagua fremu 60, kwa sababu kila fremu hudumu milisekunde 16.7 badala ya 33.3 za fremu 30, na mkono wako unajibiwa mapema. Zima ukungu wa mwendo ("motion blur"). Hifadhi kwa mkono kwenye nafasi mbili tofauti.

Ukipata hitilafu ya kuingia mtandaoni, fungua kwanza ukurasa wa hali ya seva. Zikiwa zimeelemewa, kufuta gemu na kupakua GB 100 upya hakutabadilisha chochote.