Jinsi ya kusoma takwimu za biashara ya bidhaa kati ya Uingereza na Pakistan ukiwa Nairobi

Baadhi ya marobota yanayofunguliwa Gikomba alfajiri yamepita nchi mbili kabla ya kufika Mombasa. Nguo zilikusanywa Uingereza, zikapelekwa Karachi, Pakistan, zikachambuliwa kwa mkono na kupangwa kwa madaraja, kisha zikafungwa upya na kusafirishwa Afrika Mashariki. Mchele wa Pakistan umejaa kwenye maduka yetu ya jumla, na Pakistan hiyo hiyo ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya. Kwa hiyo mfanyabiashara, mwanafunzi wa uchumi au mwandishi wa habari wa Nairobi ana sababu nzuri ya kutaka kujua ni nini kinachopita kati ya Uingereza na Pakistan, kwa kiasi gani na kwa bei gani.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kila shehena imeandikwa mara mbili: forodha ya inakotoka imeiandika kama mauzo ya nje, na forodha ya inakofika imeiandika kama uagizaji. Namba hizo mbili hazilingani karibu kamwe. Anayechukua moja na kuitangaza kuwa ndiyo biashara ya nchi hizo amesoma nusu ya habari. Chukua zote mbili, kisha ueleze pengo.

Wekea swali lako mipaka

Kwanza amua kama unataka bidhaa peke yake. Wizara ya biashara ya Uingereza hutoa muhtasari wa biashara yake na kila nchi, na jumla inayotajwa juu kabisa imechanganya bidhaa na huduma. Humo mna hata matumizi ya wanafunzi wa Kipakistani wanaosoma vyuo vya Uingereza. Jumla hiyo huishia magazetini ikiitwa "thamani ya bidhaa", na hapo habari nzima imeharibika. Ukitaka bidhaa, nenda kwenye takwimu za forodha. Kwa Uingereza hizo hutolewa na HMRC, mamlaka ya kodi na forodha, kupitia tovuti ya uktradeinfo. Kwa Pakistan hutolewa na idara ya takwimu ya taifa, PBS.

Kuna mtego upande wa Pakistan. Benki kuu yake nayo huchapisha biashara kwa kila nchi, ila hesabu yake inatokana na malipo yaliyopita benki. Malipo ya shehena ya Machi yanaweza kuingia Juni, na bidhaa iliyolipiwa kupitia Dubai inaweza kuhesabiwa kuwa ya Dubai. Usichanganye safu ya benki kuu na safu ya forodha kwenye jedwali moja.

Halafu mwaka. Pakistan huhesabu mwaka wa fedha kuanzia Julai hadi Juni, kama bajeti yetu, ilhali takwimu za biashara za Uingereza huhesabiwa Januari hadi Desemba. "2022-23" ya Islamabad na "2022" ya London zinakutana kwa miezi sita tu. Dawa yake ni kuchukua takwimu za kila mwezi na kujumlisha mwenyewe miezi 12 ile ile pande zote mbili.

Sarafu nayo hudanganya. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilibadilishwa kwa rupia chini ya 180 za Pakistan. Mwaka 2023 ilipita 280. Biashara iliyosimama palepale kwa dola ilionekana kupanda kwa zaidi ya nusu kwa rupia. Fanya kazi kwa dola, na kama chanzo kinakupa pauni, badilisha kila mwezi kwa wastani wa mwezi huo badala ya kubadilisha jumla ya mwaka kwa kiwango cha leo.

Pata namba ya HS iliyo sahihi

Bidhaa zote duniani zimepangwa kwa mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika 1988. Tarakimu sita za kwanza ni zile zile kila nchi. Zinazofuata kila nchi hujiongezea: Uingereza hutumia nane kwa mauzo ya nje na kumi kwa uagizaji, Pakistan na Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia nane. Ukilinganisha nchi mbili usivuke tarakimu sita, kwa sababu tarakimu ya saba ya London haina undugu na ya saba ya Karachi.

Kwa mitumba namba ni 6309.00. Watu hudhani ni nguo tu, lakini humo mna viatu vilivyovaliwa, kofia, blanketi, mashuka na mapazia pia. Mikoba haimo; hiyo iko sura ya 42 (sura ni tarakimu mbili za kwanza za namba). Jirani yake ni 6310, yaani matambara ya viwandani, na mpaka kati ya mbili hizi huvukwa sana. Robota lililotoka Uingereza likiitwa nguo linaweza kuingia nchi nyingine likiitwa matambara, au kinyume chake, hasa pale ushuru unapotofautiana. Ndiyo maana ukichunguza mitumba lazima uchukue takwimu za namba zote mbili na kuziweka pamoja kabla ya kusema mauzo yamepanda au yameshuka.

Chuma chakavu ambacho Uingereza huipelekea Pakistan kwa wingi kiko 7204. Upande wa kwenda Uingereza, tafuta 6302 kwa mashuka na taulo, sura za 61 na 62 kwa nguo mpya, na 1006 kwa mchele. Kwenye mchele tenga 1006.20, ambao haujakobolewa ganda la ndani, na 1006.30, mweupe uliokwisha kukobolewa. Basmati nyingi huingia Uingereza ikiwa 1006.20 kwa sababu aina maalumu za basmati ya namna hiyo hazitozwi ushuru, kisha hukobolewa huko. Ukichukua bei ya kilo ya 1006 yote kwa pamoja ukailinganisha na mchele mweupe unaouzwa Nairobi, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Kutoa takwimu

Mahali pepesi pa kuanzia ni hifadhi ya Umoja wa Mataifa iitwayo UN Comtrade, ambako bila kujisajili unaona onyesho la awali la hadi mistari 500. Hiyo yatosha kwa bidhaa chache. Chagua bidhaa, mwaka mzima au mwezi, mfumo wa HS, kisha nchi inayoripoti na nchi mshirika. Uingereza ni 826, Pakistan ni 586, Kenya ni 404.

Pakua takwimu mara nne: Uingereza ikiripoti mauzo kwenda Pakistan; Pakistan ikiripoti uagizaji kutoka Uingereza; Pakistan ikiripoti mauzo kwenda Uingereza; Uingereza ikiripoti uagizaji kutoka Pakistan. Kila jibu lipe safu yake. Kama Pakistan bado haijapeleka takwimu za mwaka huo, safu itakuwa tupu. Hiyo haina maana kwamba hakukuwa na biashara, kwa hiyo iache wazi na usiandike sifuri.

Kisha kagua kabla ya kujumlisha. Kosa linaloongoza ni kuhesabu mara mbili: faili ina mstari wa sura 63, mstari wa 6309 na mstari wa 630900, na mtu anajumlisha safu nzima. Baki na ngazi moja tu. Kosa la pili ni mistari iliyogawanywa kwa njia ya usafiri au utaratibu wa forodha, ambayo hukaa pamoja na mstari wa jumla yake. Chuja ubaki na jumla pekee. Tazama pia safu inayosema kama uzito umekadiriwa. Uzito uliokadiriwa umetokana na bei za kawaida, kwa hiyo ukiutumia kutafuta bei ya kilo unazunguka mduara.

Pengo linatoka wapi

Chukua uagizaji, toa mauzo, gawanya kwa mauzo, zidisha kwa 100. Hilo ndilo pengo kwa asilimia.

Sehemu ya kwanza ya pengo ni halali kabisa. Mauzo huandikwa FOB, yaani thamani hadi bidhaa ipakiwe melini, na uagizaji huandikwa CIF, pamoja na nauli na bima. Chukua mfano wa kontena ya futi 40 yenye kilo 24,000 za nguo zisizochambuliwa, dola 12,000 FOB. Nauli dola 1,800, bima 60. Karachi itaandika 13,860, na pengo ni 15.5% bila mtu yeyote kudanganya. Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka mingi lilitumia 10% kama makadirio ya jumla, baadaye likashusha hadi 6%. Makadirio hayo ni ya biashara yote. Kwa mizigo mikubwa ya thamani ndogo kama mitumba na chuma chakavu, nauli hula sehemu kubwa zaidi. Kwa dawa au mitambo hula kidogo. Usitumie asilimia moja kwa kila kitu.

Nauli yenyewe haitulii. Kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi ziliikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka kwa siku kumi na zaidi. Nauli ilipopanda, uagizaji wa CIF ulipanda hata pale kilo zilipobaki zile zile. Tena shehena iliyoondoka Uingereza Desemba hufika mwaka mwingine. Ukiona pengo la ajabu mwaka mmoja na la kinyume mwaka unaofuata, jumlisha miaka miwili. Likitoweka, lilikuwa la safari tu.

Ukishaondoa nauli na muda, pengo linalobaki lina visababishi vigumu zaidi. Cha kwanza ni njia. Kontena inayopitia Jebel Ali, bandari ya Dubai, inaweza kuandikwa London kuwa imeenda Falme za Kiarabu, na Karachi ikaandikwa kuwa imetoka Uingereza, kwa kuwa muuzaji huandika mwisho wa safari anaoujua na mwagizaji huandika asili ya bidhaa. Pakua pia takwimu za mauzo ya Uingereza kwenda Falme za Kiarabu kwa namba hiyo hiyo ya HS uone kama yamevimba.

Cha pili ni maeneo huru. Karachi ina eneo la viwanda vya kuuza nje ambako wachambuzi wa mitumba wamejaa. Nchi inayohesabu kila kinachovuka mpaka huingiza mizigo ya eneo hilo katika takwimu. Inayohesabu tu kinachopita forodha kuingia sokoni huiacha. Kabla ya kushuku wizi, soma maelezo ya mfumo wa kila nchi yaliyo ndani ya Comtrade.

Cha tatu ni uthamini. Chini ya kifungu 25A cha Sheria ya Forodha ya 1969, forodha ya Pakistan inaweza kupanga thamani ya bidhaa fulani, na thamani hiyo ikatumika badala ya ile ya ankara. Hapo pengo la pesa litakuwa kubwa na pengo la kilo litakuwa dogo. Kwa hiyo linganisha kilo kwa kilo kila mara. Kilo zikilingana na dola zikaachana, tatizo ni bei. Kilo zikiachana, tatizo ni njia, namba ya HS au mzigo usioandikwa.

Kutoka takwimu hadi robota

Gawanya thamani kwa uzito halisi upate bei ya kilo. Kwa mfanyabiashara wa Nairobi bei tatu ndizo zenye faida: Uingereza kwenda Pakistan kwa 6309, Pakistan kwenda Kenya kwa 6309, na Uingereza kuja Kenya moja kwa moja. Ya kwanza ni ya nguo nyingi zisizochambuliwa. Ya pili ni ya zilizopangwa. Tofauti yake imebeba mishahara ya wachambuzi, nguo zilizotupwa au kuuzwa kama matambara, na faida. Ikiwa ya pili na ya tatu zimekaribiana, uchambuzi wa Karachi ni nafuu kiasi cha kufidia safari ya ziada.

Tuseme, kwa mfano, bei ya CIF Kenya imetoka dola 1.10 kwa kilo. Robota la kilo 45 ni dola 49.50, kwa shilingi 129 kwa dola, ni takriban shilingi 6,390 kabla ya ushuru, VAT, ada za IDF (ya tamko la uagizaji) na RDL (ya ujenzi wa reli), wakala na lori la kutoka Mombasa au bandari kavu ya Embakasi. Usimwendee muuzaji na namba hiyo ukimwita mlanguzi. Ni wastani, na umechanganya robota la shati za daraja la kwanza na lile ambalo ukilifungua kamera (nguo bora) ni chache na fagia (nguo mbovu) ni nyingi. Kazi ya wastani huo ni kukuonyesha mwelekeo: ukipanda kwa miezi mitatu mfululizo huko Karachi, bei ya Gikomba itafuata mizigo ikifika.

Takwimu za Kenya chukua KNBS, shirika la takwimu la taifa, na uangalie nchi ya asili iliyoandikwa, maana robota hilo hilo linaweza kuandikwa Pakistan au Uingereza kutegemea hati za mwagizaji.

Hifadhi faili ulilopakua pamoja na tarehe, kwa sababu HMRC na Comtrade hurekebisha takwimu za nyuma na kesho utakuta namba nyingine. Unapoandika matokeo, tumia umbo hili na ujaze nafasi: "Kwa mujibu wa HMRC, kati ya mwezi __ na mwezi __ Uingereza iliiuzia Pakistan mitumba, HS 6309, kilo __, dola __ FOB. Forodha ya Pakistan iliandika kilo __, dola __ CIF. Takwimu zilipakuliwa tarehe __."