Kikombe kimoja, kumbe moja: namna ya kuandika shajara huku ukinywa chai

Nilianza kuandika shajara kwa sababu nilikuwa silali. Nikiweka tu kichwa kwenye mto, mambo ya mchana yanapanga foleni. Basi naamka, nawasha taa, naandika kurasa nne au tano, kisha narudi kitandani macho makavu kuliko mwanzo. Maandishi yale hayakuwa na mwisho, na mtu hawezi kutulia ndani ya kitu kisicho na mwisho.

Kilichonisaidia ni chai, na sababu yake kubwa ni kwamba chai inapoa. Kikombe kinafuka, kinakuwa cha moto wa kunyweka, kinakuwa vuguvugu, kinaisha. Nikaanza kuandika kwa kufuata hali hizo na kuacha kikombe kinapoisha. Hadi leo nafanya hivyo, na hapa chini nimeeleza kila hatua kama ninavyoifanya mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua saa, halafu ndiyo uchague majani

Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na oolong zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Tofauti inaletwa na jinsi majani yanavyotengenezwa baada ya kuchumwa, na zote zina kafeini. Kikombe cha chai nyeusi huwa na takriban miligramu 40 hadi 50, karibu nusu ya kikombe cha kahawa. Mwili wa mtu mzima huchukua wastani wa saa 5 kuondoa nusu ya kafeini hiyo, ingawa watu hutofautiana sana. Kwa hiyo chai uliyokunywa saa kumi alasiri bado inakuchangamsha kiasi saa tatu usiku.

Mimi nimegawa hivi: asubuhi au alasiri, chai yenyewe. Usiku, kamomili, nanaa au mchaichai, ambayo haina kafeini kabisa. Usiamini tu jina "mitishamba" kwenye pakiti, maana yerba mate, majani ya kinywaji cha Amerika Kusini, ni mtishamba na kafeini inayo. Kama una mzio wa mimea ya jamii ya alizeti, kamomili iache. Na kama ni mjamzito au unatumia dawa kila siku, muulize daktari kuhusu mtishamba wowote kabla ya kuuzoea.

Utasikia pia habari za theanini, kemikali iliyomo kwenye majani ya chai inayohusishwa na utulivu. Imo kweli, lakini vipimo vinavyotumika kwenye majaribio mara nyingi huzidi sana kile kilichomo kwenye kikombe kimoja. Mimi sifa navipa kikombe na kalamu.

Hatua ya 2: Andaa meza

Daftari la karatasi, kalamu isiyokwama, kikombe cha mililita 200 hadi 250. Simu iwe chumba kingine, maana ujumbe mmoja ukiingia tu, ibada yote imevunjika. Usitumie chupa ya chai wala kikombe chenye kifuniko cha kutunza joto. Chai isiyopoa haiwezi kukupimia muda.

Hatua ya 3: Subiri chai ikolee, usiandike

Gramu 2 za majani, yaani karibu kijiko kimoja kidogo, zinatosha kikombe kimoja. Chai nyeusi inataka maji yaliyochemka na dakika 3 hadi 5. Ya kijani inataka nyuzi 70 hadi 80 na dakika 2 au 3, la sivyo inakuwa chungu na kukausha ulimi. Kama huna kipimajoto, mimina maji yaliyochemka kwenye kikombe kitupu kwanza, kisha yahamishe kwenye buli. Kila unapohamisha, joto linashuka nyuzi kadhaa. Mitishamba inataka maji yanayochemka na dakika 5 hadi 10, ikiwa imefunikwa, kwa sababu mafuta yanayoipa harufu huondoka na mvuke. Kama unaweka maziwa, weka mapema na ujue kwamba maziwa ya baridi hushusha joto la kikombe papo hapo.

Dakika hizo za kusubiri ni sehemu ya kazi. Kaa. Tazama rangi inavyoshuka ndani ya maji. Andika tarehe peke yake juu ya ukurasa, basi. Siku za mwanzo mkono utakuwasha utafute la kufanya. Uache uwashe, ni dakika tatu tu.

Hatua ya 4: Chai inafuka, mwaga yaliyojaa kichwani

Kikombe kipo mbele yako lakini hakinyweki, na usikilazimishe. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, hasa ya umio. Wakati unasubiri kishuke, andika orodha. Jambo moja, mstari mmoja, bila sentensi nzuri: *bili. maneno ya dada. ripoti. goti linauma.* Usipange, usieleze.

Usiku, orodha hii iwe ya mambo ya kesho, tena yaliyo wazi. "Kumpigia fundi saa nne" ni bora kuliko "nyumba". Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha mwaka 2018 jaribio la vijana 57. Walioandika kwa dakika 5 mambo watakayofanya walipata usingizi takriban dakika 9 mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kufanya, na walioorodhesha kwa undani zaidi walilala haraka zaidi.

Hatua ya 5: Chai inanyweka, chukua jambo moja

Hapa ndipo penyewe. Soma orodha yako, uchague mstari mmoja uliokugusa. Mmoja tu.

Kanuni ninayoishika sana ni hii: kalamu na kikombe visiwe mkononi kwa wakati mmoja. Andika sentensi mbili, weka kalamu chini. Inua kikombe, piga funda moja, limeze kabisa, rudisha kikombe mezani. Ndipo uchukue kalamu tena. Funda hilo linakukatia mwendo. Ukiandika kwa hasira mkono unakimbia, na hasira inajilisha yenyewe. Ukilazimika kusimama kila baada ya sentensi mbili, sentensi ya tatu huja ikiwa na sura nyingine.

Nitakupa mfano. Unaandika: *Maneno ya dada yameniuma. Alisema mimi huwa sipatikani.* Kalamu chini, funda. *Limeniuma kwa sababu alilisema mbele za watu.* Funda. *Hapana, limeniuma kwa sababu wiki iliyopita alipiga mara mbili na sikupokea.* Funda. *Kumbe sina hasira naye. Ninaona aibu.*

Hiyo "kumbe" ndiyo ninayoisubiri kila siku. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na Sandra Beall, walichapisha mwaka 1986 utafiti ambapo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 siku nne mfululizo kuhusu mambo mazito yaliyowapata. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Baadaye Pennebaker na wenzake walipochunguza maneno yenyewe, waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao, siku baada ya siku, waliongeza maneno ya kutafuta sababu na ya kuelewa. Kwa lugha yetu ni *kwa sababu* na *kumbe*. Ukiona umeandika sentensi ileile mara tatu bila moja ya hayo, hapo unazunguka palepale. Piga funda, ruka mstari, uanze na "Labda yeye aliona kwamba…"

Ujue pia kwamba wanafunzi wale walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Ni jambo la kawaida, usiogope. Lakini jambo likiwa zito mno, mikono ikatetemeka au pumzi ikabana, funga daftari na umalize chai ukitazama dirishani. Jeraha kubwa linataka mtu wa kuongea naye, tena mwenye utaalamu, na si lazima lifunguliwe ukiwa peke yako mezani.

Hatua ya 6: Funda la mwisho

Acha mafunda mawili ya vuguvugu chini. Andika mstari mmoja wa kufungia: jambo utakalofanya, au jambo ulilolitua kwa leo. *Nitampigia Jumamosi.* Kisha maliza kikombe, funga daftari, hata kama kuna sentensi iliyobaki katikati. Usiongeze kikombe cha pili. Nimewahi kujidanganya kwamba cha pili ni cha kumalizia tu, nikajikuta kwenye zile kurasa tano za zamani. Osha kikombe mara moja, kwa maji ya uvuguvugu, bila haraka.

Siku ambazo huna la kusema

Tengeneza chai, andika tarehe na jina la chai, kunywa. Siku hiyo imehesabika. Mimi nina kurasa zilizoandikwa "nanaa" tu, na ni za wiki zilizonielemea kuliko nyingine zote.

Usisome ulichoandika usiku uleule. Mara moja kwa mwezi, mchana, mimi hukaa na daftari bila kalamu ya kuandikia, nikiwa na penseli ya rangi tu, nikazungushia kila *kumbe* duara.