Matunda ya waridi mwitu: kuyachuma, kuyachuja na kupika supu yake

Ukiishi Göteborg, Uswidi, kama mimi, kuanzia Septemba utayaona pembezoni mwa njia za baiskeli na karibu na bahari: matunda mekundu juu ya vichaka vya miiba. Waswidi huyaita nypon. Sisi wa Tanga tumezoea waridi la vikuba na la marashi, tunalichuma likiwa ua. Ukiliacha mtini, petali hupukutika, na pale chini yake huvimba tunda.

Huku sheria inamruhusu yeyote kuchuma matunda ya porini, ila bustani ya mtu usiiguse. Epuka vichaka vya kando ya barabara kuu, na waridi la dukani au lililopuliziwa dawa usilile kabisa. Vaa glavu na shati la mikono mirefu, kwani miiba imepinda, ikikunasa haikuachii. Chuma yaliyokolea wekundu na bado magumu kidogo. Wapo wanaongoja baridi ya kwanza ya kugandisha ili yalainike na kuongeza utamu. Mimi singoji, ndege huwahi.

Sasa pasua moja kwa kisu ulitazame vizuri. Nyama yake ni nyembamba. Ndani mna mbegu ngumu zilizobanana, na katikati yake vinyweleo vifupi vinavyometameta. Vinyweleo hivyo ni kama upupu: vikikugusa shingoni utajikuna, vikiingia kooni vitakukereketa, na watoto wa Ulaya tangu zamani hutiana navyo mgongoni kwa utundu. Kazi yote ya tunda hili iko kwenye kuchuja. Chujio la chai halitoshi. Tumia kitambaa cha melikani kilichokunjwa mara mbili, uchuje, ukisuuze kitambaa, kisha uchuje tena. Usione uvivu hapo, hasa ukimpikia mtoto.

Kwa supu, chukua nusu kilo ya matunda, uyaoshe, ukate vikonyo na vishungi vya mwishoni. Yachemshe katika lita moja na nusu ya maji, kwenye sufuria ya stili. Ya shaba huharibu vitamini C. Dakika 20 hivi zinatosha, maana moto wa muda mrefu nao huiharibu. Yaponde kwa mwiko, uchuje kama nilivyosema, urudishe jikoni na sukari, robo kikombe au zaidi kidogo. Koroga vijiko viwili vya chakula vya wanga wa viazi katika maji baridi, umimine taratibu huku unakoroga. Ikianza kutokota, ipua. Waswidi huila ya moto au baridi, na krimu na vibiskuti vidogo vya lozi. Mimi huongeza iliki, na jirani yangu, bibi wa Kiswidi aliyenionyesha upishi huu, siku hizi naye anaiomba.

Faida yake kubwa ni vitamini C. Gramu 100 za matunda mabichi huweza kuwa na takriban miligramu 400, wakati chungwa lina 50 hivi, ingawa hutofautiana sana kwa aina ya waridi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyambizi za Wajerumani zilipozuia meli na machungwa kuadimika Uingereza, watoto wa shule walitumwa vichakani kuyachuma, yakatengenezwa sharubati ya kuwapa watoto wadogo. Unga wake mkavu umepimwa Denmark kwa wenye maumivu ya viungo, na kwa baadhi yao maumivu yalipungua kidogo. Kidogo, narudia. Anayekwambia unaponya baridi yabisi anakuuzia maneno. Na mwenye historia ya mawe ya figo aongee na daktari kabla ya kutumia unga huo kila siku.

Ndugu wa nyumbani wakiniomba niwatumie huo unga, huwaambia wazi wasitupe pesa: mapera ya uani yana vitamini C tele, na ubuyu upo sokoni.

Ukibakiwa na matunda mengi, yapasue katikati, utoe mbegu na vinyweleo kwa kijiko kidogo, uyakaushe kwenye oveni ya moto mdogo, mlango ukiwa wazi kidogo, mpaka yavunjike kwa vidole. Tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko, uiweke kabatini mbali na mwanga. Kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya moto, ukifunika dakika kumi, kinatoa chai nzuri; nayo ichuje.