Namna ya Kuandika Waraka wa Mvutano wa Taasisi Kuhusu Mageuzi ya Ulinzi wa Siri

Mwongozo huu ni wa katibu wa kikao aliyeachiwa mzigo usio na mwenyewe: taasisi nne au tano za serikali zimejifungia siku tatu katika ukumbi mmoja hapa Arusha, zimeshindwa kukubaliana namna ya kurekebisha kanuni za kulinda taarifa za kijasusi, na yeye anatakiwa kuwapelekea wakubwa waraka watakaoutumia kuamua. Kosa la kwanza ni kuandika kwamba wajumbe walijadili kwa kina na kubadilishana uzoefu. Sentensi hiyo huficha kitu pekee ambacho mwamuzi anakihitaji, yaani mahali hasa wajumbe walipogongana.

Anza kwa kuyatenganisha maswali ambayo vikaoni huchanganywa: nani agonge mhuri wa siri, nani aruhusiwe kusoma, nani auondoe mhuri huo, na baada ya muda gani. Taasisi moja ikilalamika kwamba mfumo umelegea na nyingine kwamba umebana mno, huenda zote zinasema kweli, kwa kuwa ya kwanza inazungumzia wasomaji na ya pili inazungumzia muda. Idadi ya ngazi za siri haistahili kukupotezea nusu siku. Uingereza ilizipunguza hadi tatu mwaka 2014, na maswali haya mengine yakabaki palepale.

Kisha, kando ya kila msimamo, andika tukio ambalo taasisi husika inaliogopa. Idara ya ujasusi huogopa kumpoteza mtoa habari, polisi huogopa kupata onyo baada ya tukio, na watunza nyaraka huogopa majalada yasiyofunguliwa kamwe. Marekani ilipitia hofu hizo kwa zamu: ripoti ya mwaka 2004 kuhusu mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ililaumu idara kwa kunyimana taarifa, milango ikafunguliwa, mwaka 2010 maelfu ya nyaraka za kibalozi yakaanza kuchapishwa na WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri, na Oktoba 2011 Rais Obama akatoa amri ya kukaza ulinzi wa mitandao yenye siri. Mwamuzi akiona kwamba kila upande una jeraha lake, hatadhani kwamba mmoja ni mkaidi tu.

Sehemu ya kuandika kwa uangalifu zaidi ni ile ya nani anaondoa mhuri, kwa sababu hapo ndipo mvutano wa madaraka hujificha ndani ya lugha ya kitaalamu. Mwaka 1995 Rais Clinton aliunda jopo la taasisi mbalimbali, zikiwemo wizara za Ulinzi, Sheria na Mambo ya Nje pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, lisikilize rufaa za nyaraka zilizokataliwa kufunguliwa. Mwaka 2003 amri ya Rais Bush ilimpa mkuu wa ujasusi uwezo wa kuzuia uamuzi wa jopo hilo, hadi Rais mwenyewe autengue uzuio wake. Mwaka 2009 Obama akauondoa uwezo huo, na tangu hapo taasisi isiyoridhika ndiyo inayopaswa kukata rufaa kwa Rais. Ukisoma haraka utaona kwamba Rais ndiye msemaji wa mwisho katika amri zote, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni nani anabebeshwa safari ya kwenda kugonga mlango wa Rais, na wengi hawaifungi safari hiyo. Kwa kila pendekezo, basi, andika waziwazi: taasisi zisipokubaliana na hakuna anayekata rufaa, jalada linabaki limefungwa au linafunguliwa?

Usisahau taarifa za kupewa, yaani zile ambazo taasisi imepokea kwa siri kutoka kwa wengine. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi hapa Arusha hadi mwisho wa mwaka 2015, ilikuwa na kanuni ya 70: taarifa ambayo mwendesha mashtaka amepewa kwa siri, ikatumika tu kumwongoza kwenye ushahidi mpya, haikuweza kutolewa bila ridhaa ya aliyeitoa. Taasisi zenye washirika wa nje zitadai kinga ya namna hiyo. Waulize inahusu aya zipi za jalada, maana mara nyingi aya moja ya mgeni hutumiwa kufunga kurasa arobaini za wenyeji.

Rasimu ikikamilika, ipelekee kila taasisi aya inayoeleza msimamo wake tu, nayo iithibitishe kwa maandishi. Ukiwapa waraka mzima watahariri aya za wenzao. Mwisho, kubalianeni mapema mhuri wa waraka wenyewe. Nimewahi kushuhudia waraka wa kupunguza siri ukipigwa mhuri wa siri, ukaingia masijala ya siri, na wajumbe wawili kati ya waliouandika wakakosa kibali cha kuusoma.