Taa kwanza, mipira baadaye: namna ya kuweka taa kwenye mti wa Krismasi nyumbani

Ninapamba kumbi na majumba hapa Kigoma mjini, na Desemba ikifika wengi wanaonipigia wanakuwa wameshaanza wenyewe. Mipira wameshaning'iniza, ribboni za kung'aa wameshazungusha, halafu taa wamezifunga juu ya vyote kama wanafunga mzigo kwenye keria ya baiskeli. Zikiwashwa, kinachoonekana ni waya. Kwangu taa ndizo za kwanza kuingia mtini, na zinaingia ndani hasa.

Nachukulia una mti wa plastiki wa futi 5. Kama unatumia tawi la msaiprasi au mvinje, lisimamishe kwenye ndoo ya mchanga mbichi, ulishindilie vizuri, ndoo uizungushie kitenge. Ukilimwagilia, chomoa taa kwanza.

1. Kununua

Kwa futi 5 zinatosha nyuzi 2 za mita 10, kila uzi taa 100. Chukua za LED. Zile za zamani zenye vibalbu vya kioo, taa 100 zinakula kama wati 40, wakati za LED ni kama wati 5 tu. Ukiwasha LED zako 200 kwa muda wa saa 5 kila usiku kwa mwezi mzima, hata uniti 2 za Luku hazifiki. Tena hazichemki, jambo la maana kama tawi lako limeanza kukauka.

Rangi ni hiari yako. Mimi huchagua nyeupe yenye unjano kidogo, rangi nyingine zitaletwa na mipira. Mwambie muuzaji aziwashe palepale kaunta.

2. Kukagua

Nyumbani zinyooshe sakafuni na upitishe vidole kwenye waya wote kabla hujachomeka. Nyingi ya hizi za bei nafuu hazina transfoma: volti 230 za ukutani zinapita mle mle kwenye uzi mwembamba. Palipochubuka hadi shaba ikaonekana, kugusa hapo ni sawa na kugusa ndani ya soketi. Uzi wa namna hiyo usiupeleke mtini, hasa penye watoto.

Sasa washa. Kikizimika kipande kizima huku kingine kinawaka, usidhani taa zote za kipande hicho zimekufa. Zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika zinazimika zote za kundi lake. Kama ni mpya, irudishe dukani.

3. Plagi

Taa nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili ya duara, soketi zetu ni za matundu matatu. Utawaona watu wanasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ilazimike kuingia. Acha. Plagi inakaa imelegea, inatoa cheche, mwishowe soketi inaungua. Nunua adapta, si ghali. Ekstensheni isipite chini ya mkeka wala zulia, na kile kiboksi chenye kitufe cha kubadilisha mtindo wa kuwaka kiache mahali pa wazi. Mtindo wangu ni wa kuwaka bila kukonyeza. Watoto watabadilisha tu.

4. Kuzipitisha mtini

Hapa usikimbie. Kwanza fungua vijitawi vya plastiki kimoja kimoja, kimoja juu, kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka nguzo ya katikati isionekane kwa urahisi. Mti ambao haujafunguliwa vizuri hauwezi kuokolewa na taa.

Ugawe mti kwa macho nusu mbili kutoka juu hadi chini, kila nusu uzi wake. Taa zikiwa zimezimwa, anza chini, upande wa plagi ukiwa karibu na soketi. Ingiza waya ndani hadi karibu na nguzo, utoe nje kufuata tawi, uzungushe mara moja nyuma ya ncha, kisha urudi ndani kuelekea tawi la pili. Ukifika mwisho wa nusu yako, panda juu kiasi cha shubiri moja, urudi ulikotoka. Hivyo hivyo kwa kwenda na kurudi mpaka kileleni. Mti ukiwa kwenye kona, upande wa ukutani upe kidogo tu.

Mama mmoja wa Gungu aliniangalia nikifanya hivi akauliza, "Mwanangu, mbona taa nyingine unazificha?" Nikamwomba azime ya ukutani. Zile za ndani ndizo zinazoangaza matawi kwa nyuma, mti ukaonekana mnene.

Na wewe fanya hivyo: zima ya sebuleni, simama mlangoni, fumba macho nusu. Penye giza patajionyesha. Vuta waya kutoka palipojaa, usikimbilie uzi wa tatu.

5. Mapambo mengine

Mipira mikubwa iingie ndani karibu na taa, irudishe mwanga. Midogo ikae kwenye ncha. Vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, ukivifunga kama vipepeo, vinapendeza kuliko ribboni za dukani. Hivi mji huu wenye vitenge vyote hivi, kwa nini miti yetu ifanane na ya katuni?

6. Mvua na umeme kukatika

Desemba ni mvua na radi. Ikianza kunguruma chomoa plagi kabisa, swichi pekee haitoshi. Umeme ukikatika chomoa pia, maana ukirudi unaweza kurudi na nguvu ya ajabu. Na usiweke mishumaa mtini. Zamani huko Ulaya na Marekani waliiweka, nyumba zikaungua. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa mvumbuzi Thomas Edison, akapamba mti wake New York kwa balbu 80 za umeme. Kwa usiku wa giza kuna taa za betri. Ukienda kulala au kanisani, zima.

7. Kushusha

Baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, anza na mipira, taa ziwe za mwisho, kuanzia kileleni. Kila uzi uviringe kwenye kipande cha boksi, plagi ikae nje, uuweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Panya wanapenda sana kutafuna waya huu.