Mtoto wa mwaka wa kwanza nyumbani Lamu: cha kungoja na cha kutochelewesha

Mtoto akizaliwa, nyumba hujaa washauri. Huyu asema apewe maji, kaskazi ni kali. Yule asema miezi mitatu imetimia, aanze uji. Mwingine ashangaa, wa jirani ameshakaa, huyu mbona bado. Makosa mengi ya mwaka wa kwanza ni makosa ya wakati: kinachotaka kungojwa huharakishwa, na chenye siku yake hucheleweshwa. Kushika shingo, kukaa, meno na kutembea vina nafasi pana, havitaki kusukumwa. Chanjo, chakula cha miezi sita na homa ya kichanga havingoji.

Siku arobaini

Mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, yasikamuliwe na kumwagwa. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, na yana kinga nyingi. Baada ya hapo anyonye kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Maji hahitaji, hata katika joto la Februari, maana karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Vijiko viwili vya maji hujaza tumbo, mtoto hunyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Kisha mama huambiwa hana maziwa! Anayehitaji maji ya kunywa zaidi ni mzazi mwenyewe. Asali nayo isiguse mdomo wa mtoto kabla hajatimiza mwaka, hata ya kulamba kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo ndani ya tumbo changa hutoa sumu ya kulegeza misuli.

Utajuaje kama anashiba? Hesabu mikojo. Kuanzia siku ya 5 alowanishe vitambaa au nepi 6 na zaidi kwa siku. Uzito hupungua siku za mwanzo, lakini usipite sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, na ikifika wiki ya pili awe ameurudia.

Kitovu kiachwe kikavu na wazi, nepi ikunjwe chini yake, na kisipakwe chochote isipokuwa dawa uliyopewa kliniki. Hapa Lamu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya punda. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na vichochoro vyetu vyote hupitwa na punda. Viatu viachwe mlangoni, mkono uoshwe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Kitovu kikinuka, kikitoa usaha, au ngozi inayokizunguka ikiwa nyekundu, ni kliniki siku hiyohiyo.

Mila ya kumpamba mtoto ni nzuri, ila wanja mwingi wa dukani una risasi, madini yanayodhuru ubongo unaokua. Mwache na macho yake. Chumba kifukizwe udi na ubani mtoto akiwa kwingine, na arudishwe moshi ukishatoka. Uzi wa shingoni uvuliwe anapolala.

Alale chali, kila usingizi, mahali pagumu pasipo mito wala leso zilizolegea, ndani ya chandarua chenye dawa tangu magharibi. Nguo moja nyepesi yatosha. Mguse shingo kwa nyuma: pakiwa na jasho, umemvisha kupita kiasi. Na angalia birika la msalani, maana maji yaliyotuama ndiko mbu wanakozaliwa. Wazee walitia samaki wadogo birikani wale viluwiluwi, na njia hiyo bado inafaa.

Mwili una ratiba yake

Kutabasamu nawe huja wiki ya 4 hadi ya 6. Shingo hukaza kati ya mwezi wa 1 na wa 3. Kunyoosha mkono kushika kitu ni mwezi wa 4 hadi wa 6. Kukaa bila kushikwa ni mwezi wa 5 hadi wa 9, kusimama ni wa 7 hadi wa 13, kutembea ni wa 12 hadi wa 18. Wengine hawatambai kabisa, huburuza makalio na kisha husimama dede, na hilo si kasoro.

Kazi yako ni kumpa sakafu. Tandika mkeka chini, mlaze kifudifudi akiwa macho, dakika 2 au 3 mara kadhaa kwa siku tangu wiki za mwanzo, ukiongeza polepole. Lala mbele yake umwite, ainue kichwa kukutafuta. Hapo ndipo shingo, mabega na mgongo hupata nguvu, na hakuna kusinga kunakochukua nafasi hiyo. Mtoto anayeshinda mgongoni, mapajani na kitandani huchelewa kwa kukosa mazoezi tu.

Kigari cha magurudumu cha kufundishia kutembea usinunue. Humfanya asukume kwa ncha za vidole badala ya kukanyaga, na kwenye nyumba za ngazi za mawe mtoto huondoka nacho hadi chini kabla hujageuka. Kanada ilipiga marufuku kuuza vigari hivyo mwaka 2004.

Dalili ambazo si za kungojea ratiba: haangalii uso wala hashtuki kwa sauti akiwa na miezi 3, shingo bado inaanguka miezi 4, hakai miezi 9, anatumia mkono mmoja tu, au amepoteza jambo alilokuwa ameliweza. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Meno huanza kuonekana mwezi wa 6 kwa wengi, lakini mwezi wa 4 au hata wa 12 si ajabu. Kwa kawaida ya chini hutangulia. Ya juu yakitangulia, pwani mtoto huyo ameitwa kigego, na jina hilo limetesa familia nyingi bure. Ni mpangilio wa ufizi, kama vile mmoja huzaliwa na nywele na mwingine bila. Mtoto huyo hana nuksi kwa yeyote. Meno hayaleti kuhara wala homa kali pia, kwa hivyo usiseme "ni meno" ukaacha kumpeleka hospitali. Na mtoto anayekohoa asikatwe kimeo. Kisu hicho kimeleta damu isiyokoma na pepopunda, na kikohozi kikabaki palepale.

Miezi sita: chakula

Siku 180 zikitimia, maziwa pekee hayatoshi tena. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakwisha, na ndiyo maana uji mtupu haufai kuwa chakula chake. Wengi huanza na uji mwepesi, wakauongeza maji ili aumeze kwa urahisi, wakashangaa mtoto anakula vizuri na uzito hausogei. Tumbo lake lina nafasi ya mililita 30 tu kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo ukilijaza maji hakuna pa kuweka chakula. Kipimo ni kijiko. Chota, kiinamishe: chakula kikidondoka kama maji, ni chepesi mno. Kinatakiwa kikae.

Sufuria ya kwanza ya mtoto wa Lamu isikose samaki. Kwa anayeanza, tewa ni rahisi kwa sababu miba yake ni mikubwa na huonekana. Changu ni mtamu lakini humtaka mwenye subira. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti, kama gramu 30, uchemshe kwa maji kidogo dakika 10, mpaka nyama ijitenge kwa uma. Ondoa ngozi. Weka nyama kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha, uipondeponde kwa ncha za vidole vilivyooshwa, kidogo kidogo, si kwa kijiko. Kidole huhisi mwiba ambao jicho halikuuona. Ukimaliza, itandaze na upitie mara ya pili. Mara nyingi ni hapo ndipo unapatikana ule mmoja mwembamba kama unywele. Iponde na kiazi kitamu au boga lililochemshwa, tia majani ya mchicha yaliyokatwa laini, kisha kijiko kikubwa kimoja cha tui zito. Tui linatia nguvu bila kujaza tumbo. Chumvi usitie, wala sukari. Nguru na papa wasiwe wa kila siku, kwa kuwa samaki wakubwa wawindaji hukusanya zebaki mwilini. Ng'onda ana chumvi nyingi mno.

Kiasi: anza na vijiko vikubwa 2 hadi 3, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Panda hadi nusu ya kikombe cha mililita 250, mara 2 hadi 3. Kuanzia miezi 9 ni nusu kikombe hichohicho mara 3 hadi 4, na katikati kitafunio mara moja au mbili: papai, embe, ndizi, parachichi. Chakula kipya kimoja kwa wakati, ukae siku 2 au 3 kabla ya kingine. Yai zima lililoiva vizuri laruhusiwa tangu miezi sita. Maini ya kuku au ng'ombe, mara moja kwa wiki, ni hazina ya madini ya chuma. Kunde ziambatane na embe au tone la limau, chuma chake kipate kuingia mwilini. Chai ya maziwa, ambayo wengi humchovyea mkate, hufanya kinyume, huzuia chuma, na isipewe kabisa. Ikifika miezi 8 acha kuponda sana; mpe vipande laini ashike mwenyewe. Mtoto aliyezoea kilichosagwa mpaka mwaka hukataa kutafuna.

Maji ya kumpikia yana shida yake. Visima vingi vya mjini ni vya chumvichumvi, na kuchemsha huua vijidudu tu; chumvi hubaki, na huzidi kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Tumia ya mfereji yasiyo na chumvi au ya mvua kutoka kwenye jabia, lile birika kubwa la kuhifadhia maji, yachemke kwanza. Chakula kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa 2, na siku za joto kali hata saa moja.

Njugu nzima, korosho, vipande vya nazi ngumu na tende yenye kokwa havipewi. Akipaliwa na kushindwa kulia, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, urudie mpaka kitoke, mwenzako akitafuta msaada. Usichokore koo kwa kidole bila kukiona kitu, utakisukuma ndani.

Anapoanza kutambaa

Siku hiyo haikupigii hodi. Weka kijilango cha mbao juu ya ngazi na kingine chini, na njia ya darini ifungwe. Chetezo chenye makaa na seredani, lile jiko la makaa, havikai sakafuni tena. Ndoo zote zimwagwe au zifunikwe, maana maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda. Akiyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali. Akiungua, maji baridi yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta.

Kwenye mashua ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, mpakate mikononi, usimfunge kwa mbeleko. Chombo kikipinduka, aliyefungwa hawezi kutenganishwa nawe haraka.

Kliniki na homa

Kijitabu cha mama na mtoto kitunzwe kama hati ya nyumba. Akizaliwa hupata BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni polio, nimonia na ile ya magonjwa matano. Ya kuhara kunakoletwa na virusi vya rota huanza wiki ya 6. Miezi 6 ni vitamini A, yuniti 100,000. Miezi 9 ni surua na rubela, na ya pili miezi 18. Ukichelewa wiki usikae nyumbani kwa haya, chanjo huendelezwa pale zilipoishia.

Chini ya miezi 3, joto la 38 ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Aliye mkubwa apimwe malaria siku hiyo. Akihara, endelea kunyonyesha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mililita 50 hadi 100 kila akihara, kwa kikombe na kijiko, na zinki siku 10: kila siku miligramu 10 aliye chini ya miezi 6, 20 aliyezidi. Utosi ukibonyea, akilia bila machozi, au asikojoe saa 6, usingoje asubuhi.

Mwaka ukitimia, apimwe: uzito uwe karibu mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Hapo hupata vitamini A ya yuniti 200,000 na dawa ya minyoo, na sahani yake yaweza kuwa ya nyumba nzima, ikipakuliwa kabla ya pilipili na chumvi. Viatu bado, ndani ya nyumba miguu mitupu kwenye mkeka ndiyo imfundishe kukanyaga. Titi liendelee hadi miaka miwili.